Mkamwana Niliyemwigiza Ghalani

Mbeya, Juni 1956

Mama Mshauri, nakusalimu. Nisaidie, lakini usinicheke, maana kwa kuchekwa nimeshashiba.

Mimi ni Yotamu, mzee wa hapa hapa Mbeya, shule niliishia darasa la tatu, nikafukuzwa kwa kumwigiza mwalimu anavyopenga kamasi, na kufukuzwa kule ndiko kulikonipa kazi, maana vitani Burma niliwaigiza maofisa hadi askari wakasahau njaa, na niliporudi nikaigiza karani, mlevi, mchungaji, hata mbuzi wa mchungaji, nikapanda malori mpaka Iringa, watu wakinisubiri barabarani kama Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya. Halafu miguu ikakataa kuruka, wakaja vijana wenye magitaa, na Himmat, Mhindi mwenye ghala tunalochezea pale Mwanjelwa, akaniambia, "Mzee, mbuzi yako sasa nazeeka. Leta mpya."

Sasa Mama, sisi Wanyakyusa baba mkwe na mkamwana hawaonani, akisikia nakohoa anaingia migombani na debe lake la maji kichwani, anafunika uso, hata jina langu halitamki, na mimi natakiwa nitazame pembeni nipite zangu. Jumamosi moja mchana, ndiyo mbuzi mpya aliyoitaka Himmat, nikapanda jukwaani pale ghalani, nikajifunga kanga, nikajitwika debe, nikamwigiza Tusajigwe, mke wa mwanangu Anania, anavyokimbia akiburuta mguu wa kushoto, anavyochutama nyuma ya mgomba, anavyouma ncha ya kanga asikohoe. Ghala lilitetemeka! "Ni yeye! Ni yeye hasa!" Sijapata kuchekwa vile, hata Burma.

Ndipo Anania akasimama. Hakupiga kelele.

"Baba, umemwona wapi?"

Hata Himmat aliacha kutafuna njugu. Nikalitua debe, nikashuka na kanga yangu kiunoni. Kesho yake Anania alipakia mke na watoto kwenye lori, wakahamia Ilula. Nilipokwenda kucheza Iringa, habari ilikuwa imenitangulia, wakanipigia mluzi, "Mchungulia wakwe huyo!" Naapa sikumgusa, wala sikumtamani, mimi hutazama kila kiumbe, ndiyo kazi yangu, nani anamlaumu seremala kwa kutazama mti? Nimpelekee Anania ng'ombe anirudishie wajukuu? Au nitafute mchezo mwingine, wausahau huu?

Mzee Yotamu

JIBU

Mzee Yotamu, shikamoo yako nimeishika mkononi, nitakupa siku ukistahili.

Nakuamini kwamba hukumgusa. Lakini usiniletee seremala hapa. Mti haujifichi. Huyu mwanamke miaka yote alikimbilia migombani, akimwaga maji aliyopanda nayo mlima, ili wewe uheshimiwe, nawe ukakodoa macho unajifunza mguu wake. Huo mguu unamuuma, mzee, umewahi kufikiri hilo? Alichokificha kwa ajili yako umekitembeza mbele ya Mwanjelwa nzima. Ungemwigiza vibaya, mwanao angecheka na wenzake. Ulimwigiza vizuri mno, ndiyo maana akauliza.

Mchezo mwingine acha. Ng'ombe peleka, ni desturi, ila asitangulie yeye. Kwanza rudi ghalani kwa Himmat, Jumamosi mchana, mbele ya watu wale wale, bila kanga, bila debe. Sema, "Nilimtazama mkamwana wangu. Sikupaswa." Kisha nyamaza. Watacheka, watadhani ndiyo mbuzi mpya, na wewe nakujua, utamu wa kicheko utakupanda kichwani, utatamani uongeze kidogo. Usiongeze hata neno. Shuka.

Baada ya hapo umtume mzee wa kanisa akaongee na Anania, na Anania akikubali, ndipo upande lori la Ilula. Asipokubali, kaa kwako unywe uchungu wako. Wewe ndiye uliyeupika.

Na ukifika huko, ukasikia Tusajigwe anakuja njiani, asikimbie yeye na mguu ule. Kimbia wewe. Migomba ya kule si mingi, ingia hata kwenye miiba, jifunike koti usoni, ukae humo mpaka apite na maji yake.

Na safari hii, mzee, fumba macho kweli.