Ufunguo Alioutoa kwa Mikono Miwili

Jumapili, Chemchem. Upepo wa kiangazi unarusha vumbi tangu tutoke misa ya kwanza, na mimi naogopa. Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Mwenye kucheka herufi zangu acheke, darasa la nne langu nililisoma pekupeku kule Goweko.

Mjukuu wangu Kabula anasomea ufundi wa kutengeneza mitambo ya viwandani. Mwezi huu chuo kimempeleka kujifunza kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa Igunga. Jana kaja kunisalimia, ovaroli lake halina mkono mmoja.

Nikamfokea. Nguo ya kazi unaichana kama mwehu? Nilipomkazia macho ndipo akasema.

Kule, fundi akitaka kuingiza mkono kwenye mashine, anazima umeme, anaifunga swichi kubwa kwa kufuli lake mwenyewe. Ufunguo anakaa nao mfukoni mpaka amalize. Hampi mtu yeyote.

Yeye alimpa.

Msimamizi wa zamu, mzee mwenye mvi, alimwambia, "Mjukuu wangu, lete ufunguo nijaribu mota." Kabula akapiga goti, akautoa kwa mikono miwili. Halafu akakumbuka spana yake imebaki ndani, katikati ya misumeno ya mashine, akaifuata. Mzee hakumwona. Akawasha.

Mkono umesalimika. Kitambaa cha mkono wa ovaroli kililiwa chote.

Nimemwita mzembe, nimemwita kichwa maji. Nimesema sana, maana nikinyamaza naisikia ile mashine. Lakini nani alimfundisha kwamba mkubwa akitaka kitu haulizwi? Nani alimchapa siku aliyompa shangazi yake maji kwa mkono mmoja?

Mimi. Tena nikajisifu mtaa mzima kwamba huyu wangu ana adabu, si kama wa kwenu.

Leo baada ya chakula nimemwambia atoe ule ufunguo wake. Mimi ndiye msimamizi, nikasema. Lete. Akapiga goti, akanipa. Papo hapo! Nikamrudishia. Lete tena. Akanipa tena, huku anacheka.

"Bibi, sasa wewe nikukatalie vipi?"

"Unacheka nini, we binti? Hapo nimeshakuua mara mbili."

Kicheko kikakatika. Mara ya tatu akasema, "Sikupi, bibi," macho chini, sauti kama ya mgonjwa. Na mimi, Mungu anisamehe, mkono ukaniwasha nimzabe kofi.

Mimi niliyemwomba anikatalie!

Kesho asubuhi anapanda basi kurudi kiwandani. Kama bibi yake wa damu kaghadhibika kwa mchezo tu, yule mzee akimkaripia mbele ya watu, mtoto wangu ataushikilia ufunguo wake, au atapiga goti?