Siku Alizoziacha Wazi

2 Machi

Mwanangu karani,

U mzima? Mimi mzima, kifua tu kinanung'unika. Hesabu ya nyuki hiyo hapo: kila siku saa tatu asubuhi, dakika kumi mbele ya maua ya maboga, kama kamati yenu ya dawa za mashamba ilivyotuomba wananchi. Juzi nyuki kumi na tisa, jana kumi na saba. Jirani anapulizia dawa yake huku ananicheka: "Mzee, umeacha kupiga chapa, sasa unachunga wadudu?" Nikamjibu, nachunga chakula chako, mjinga wewe! Waambie wakubwa zako waipige marufuku sumu hiyo.

Baba yako

20 Juni

Baba, shikamoo. Kifua kinaendeleaje?

Kamati imekaa. Dawa imeruhusiwa. Walisoma daftari lako mbele yangu, mtaalamu akasema nyuki wapo tele. Lakini siku arobaini na moja uliziacha wazi, wakadhani hukuhesabu, wakaziondoa. Ulikuwa unaumwa ukanificha?

Binti yako

1 Julai

Mwanangu,

Salamu. Sikuumwa. Siku zote hizo nilikaa kwenye kigoda changu, hakuja hata mmoja. Maboga yakatoa maua, yasizae. Miaka thelathini nimepanga herufi katika kiwanda cha chapa; pasipo neno tunaacha nafasi, na msomaji anaelewa. Hao wasomi wenu hawajui kusoma? Kumbe sumu nimeipitisha kwa mkono wangu mwenyewe. Waambie warudie kikao!

Baba yako

15 Julai

Baba, shikamoo.

Niliwaambia. Wamekataa, wanataka hesabu mpya, miezi sita mfululizo. Asipokuja nyuki, andika sifuri. Usiruke siku. Na hospitali nenda, tafadhali.

Binti yako

4 Desemba

Mwanangu,

Hujambo? Nimekaza. Sifuri mia na ishirini na mbili, nyuki ishirini na wanne tu katika siku zilizobaki. Hospitali wanataka kunilaza. Nikilazwa, nani atakaa kwenye kigoda? Nitakwenda mwezi ujao, hesabu ikitimia.

Baba yako

11 Januari

Baba, shikamoo, hata kama huitikii.

Jirani alibeba jeneza lako, akalia kuliko mimi. Ulibakiza siku tisa. Kamati imesema mfululizo umekatika, tuanze upya. Ulipoandika kwamba wanataka kukulaza, ningalikwambia ulale hospitali, sumu iende zake. Sikukwambia. Nilisema usiruke siku.

Nimeomba likizo. Leo saa tatu nilikaa kwenye kigoda chako, dakika kumi. Sikuacha wazi, Baba. Nimeandika sifuri.

Binti yako