Kisu Kilichorudishwa kwa Adabu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini hujambo, na kwamba goti lako sasa linakuruhusu kupanda ngazi. Sisi huku tunapumua. Mwanao ametolewa wodi ya upasuaji jana asubuhi. Anakula kwa mkono wa kushoto, na ameshaanza kuwakosoa wauguzi mishono ya sare zao, kwa hiyo ujue ni yeye yule yule.

Kwenye simu ulilia mno, sikupata nafasi ya kukueleza kitu. Acha nikueleze hapa.

Unamkumbuka yule mteja aliyeleta suruali ipunguzwe kiuno, kisha akawa anarudi kila siku kwenye karakana anakoshona mwanao, bila nguo yoyote ya kushonwa. Alipoanza kumfuata mwanao hadi mlangoni kwangu, polisi waliniambia nirudi akishafanya kitu. Ndipo ukaniagiza nimtafutie binti mafunzo ya kujilinda, ukasema unaniachia mimi nichague.

Nilikwenda sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ghala la ndondi lenye harufu ya jasho, wasichana wanapigana ngumi za kweli, na mwalimu anawafundisha kupiga kelele, kusukuma na kutimua mbio. Ya pili ilikuwa ukumbi msafi, sakafu imepigwa deki, wanafunzi wamevaa sare nyeupe na wanainamiana kwa heshima. Mwalimu wao alinionyesha namna ya kumpokonya mtu kisu, kwa kisu cha mbao. Nikachagua hapo, nikakuandikia kurasa tatu za sifa.

Mwanao aliwashinda wote. Kila siku alimpokonya mwenzake kile kisu mara arobaini, na kila mara alikigeuza, akamrudishia kwa upande wa mpini, akarudi nyuma hatua mbili, wakaanza upya. Zoezi ndivyo lilivyo. Usipomrudishia, atakushambulia na nini?

Jumanne saa sita mchana yule mwanamume alimsubiri chini ya ngazi za karakana. Fundi wa vifungo, aliyekuwa dirishani, anasema hajawahi kuona mikono yenye kasi vile. Mtu hajamaliza tusi lake, kisu kiko kwa mwanao. Kisha mwanao akakigeuza, akamrudishia kwa upande wa mpini, akarudi nyuma hatua mbili. Fundi anasema hata yule mshenzi alisita kidogo kabla ya kukipokea. Sasa yuko mahabusu. Daktari anasema kano za mkono wa kulia wa mwanao zimekatika, na vidole vitatu havitashika sindano tena.

Sasa dada, kaa chini kwanza. Mwalimu wa ghala la ndondi ni mtalaka wangu. Hilo sikukuambia. Wiki tatu kabla ya mkasa alinisimamisha kwenye duka la vitambaa, akaniambia amemwona mwanao mazoezini na hajapenda anavyorudisha kisu, kwamba mwili uliozoea kurudisha utarudisha tu. Aliomba apewe wiki mbili amtoe tabia hiyo, bure. Nilimtazama alivyonawiri, mke mpya yuko pembeni na mimba yake, nikaona heri nife kuliko kumwambia asante. Nikamcheka mbele ya muuza duka. Siku chache baadaye mwanao mwenyewe aliomba ahamie kule, maana mwenzake wa kazini anajifunza huko. Nikamwambia mwalimu wa kule ana tabia ya kuwashikashika wasichana. Ni uongo, dada. Ana makosa chungu nzima, lakini hilo hana. Na nilijua kabisa kwamba alichosema kuhusu kisu ni kweli.

Mwanao hajui lolote. Anadhani kosa ni lake. Tangu azinduke anarudia kwamba mimi nilihangaika kumtafutia shule nzuri, na yeye akaniaibisha mbele ya watu. Jana aliniomba radhi huku machozi yakimtoka. Nikampapasa kichwa, nikamwambia nimemsamehe.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Ukija, mletee mwanao blauzi za mikono mipana, bendeji ni nene.

Ni mimi, mdogo wako.