Sahani Mbili za Hidayah

Ijumaa, 4 Julai 2025

Nimenunua! Hidayah hajui bado. Iko chini ya kitanda changu, nimeifunika na leso.

Ni ile mashine ya madija, wale wapiga muziki wa harusini. Nimeenda mwenyewe soko la Mpondwe, moja kwa moja kwa Emérance, Mkongo wa Butembo anayeuza pasi na redio kuukuu. Alikuwa nazo mbili. Moja sahani zake ndogo, nyingine pana. Nimechukua ya pana. Sufuria ndogo imeshibisha harusi ya nani? Nimeigonga kwa kidole, hapa na hapa — haina ufa. Emérance akaichomeka, taa zikawaka za kila rangi. Nikasema funga, naenda nayo.

Vumbi la malori hapa Bwera linaingia mpaka kwenye chumvi. Kwa hiyo nimezivalisha zile sahani nailoni, ile nzito ya kufunika meza, inayong'aa. Nimeikaza na selotepu, ncha nimezificha chini. Nzuri! Kwangu hata remote ya TV imevaa. Simu imevaa. Kitu chenye mwenyewe kinavaa.

Jumamosi ya wiki ijayo Munirah wa Hajati Mariat anaolewa. Upande wa wanawake mwanaume haingii, hata wa kushika waya. Basi dija lazima awe mwanamke, na mimi huku mpakani sijaona mwingine ila Hidayah, mjukuu wangu. Alijifunza Kasese kwa Shafic, kwa mashine ya Shafic. Sasa siku hiyo hiyo Shafic anapiga muziki mjini Hima, na mashine anaenda nayo. Tangu asikie hivyo mtoto anakunywa chai bila sukari na haoni kama haina sukari. Nani atavumilia kuangalia?

Jumamosi, 5 Julai

Hidayah ameiona, amelia, amecheka, amenibeba juu! Mimi na mwili huu! Nikamwambia shusha, utavunja mgongo kabla ya harusi.

Halafu akaunganisha na kompyuta yake. Kimya.

Taa za mashine zinawaka, kompyuta inawaka, na katikati hakuna neno. Anabonyeza, hakuna. Anazungusha sahani, hakuna. Nikauliza, imekufa? Hapana Jaja, bibi yangu, haijafa. Ile programu ya muziki ndani ya kompyuta alipewa na Shafic, na inajua mashine ya Shafic tu. Hii haiijui.

Kwani zote si za muziki?

Za muziki, Jaja. Lakini haziungani.

Hapo nikaelewa. Marehemu Muhammed, mume wangu, alikuwa dereva wa lori. Shule sikuona hata mlango wake; herufi hizi ninazoandika alinifundisha yeye, kwa maneno yanayochorwa nyuma ya malori. Alikuwa akisema: usinunue trela kwa kuangalia urefu, angalia inavyoshikana na kichwa. Miaka yote nimesikia. Na jana nimenunua trela kwa urefu.

Hidayah hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua.

Jumatatu, 7 Julai

Swaib amepita na simenti kutoka Hima. Mwanangu wa kwanza, moyo wa dhahabu, mdomo wa pilipili. Akaona mashine mezani imevaa nailoni yake.

"Mama, hii ni nini? Jiko la gesi?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo mimi naogopa. Akasema yeye ana jina kwenye barabara hii. Mpwa wake akiaibika mbele ya wanawake wote wa Bwera, aibu italala kwake. Duka lake la Kinyamaseke linataka mtu wa kukaa ndani. Jumamosi ikiharibika, Jumapili Hidayah apande lori waende dukani, na muziki uishe.

"Na ikienda vizuri?"

"Mama, kwanza iongee."

Nikasema, nakuuliza, ikienda vizuri? Nilisimama mlangoni, hakuwa na pa kupita.

"Kale, sawa, nitambebea maspika mwenyewe, kila harusi."

Nimeandika hapa asije akakataa.

Hidayah alikuwa jikoni, amesikia yote. Anamenya matoke polepole, kama anayehesabu maganda. Dukani atakaa, najua. Ana adabu. Atauza misumari na kusema karibu, karibu, na ndani atakuwa amezimika. Mama yake, binti yangu Nasifah, Mungu amrehemu, alikuwa na sauti ya kuimba, na sisi tukamwambia nyamaza, watu watasema nini. Huyu hanyamazi. Mimi nikiwa hai!

Jumanne, 8 Julai

Siku ya soko. Nimerudi kwa Emérance na mashine kichwani. Hidayah nyuma yangu anaona haya.

Emérance kaniona mbali, akaanza kutetea mali yake kabla sijafika. "Mama, ile mashini iko muzima! Ilikuwa ya mutoto wangu, haikukuwa ya barabarani!" Nikamwambia sikuja kupigana leo, lete huyo mtoto.

Kumbe ni Nzanzu, yule kijana mrefu anayebeba mizigo pale forodhani. Ndevu na yote. Akaja na jasho lake, akaipangusa mikono kwenye suruali kabla ya kuigusa mashine. Akaigusa pembeni tu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Inaendelea?" Kama mtu anayeuliza habari za nyumbani.

Huko kwao alikuwa akipiga kila mwisho wa juma. Mama Emérance anasema sasa watu wamekimbia vita, nani atafunga harusi. Kompyuta yake ilibaki huko. Mashine ilipona kwa sababu mama yake aliifunga mgongoni na mtoto wa dada yake akamshika mkono. Mimi niliigonga kama sufuria.

Nzanzu akamwambia Hidayah: "Mashini haina kosa. Ile programu yenu ndiyo haiijue. Utafute ingine, iko ya bure, ile inakubali kufundishwa. Unaionyesha kila bouton, kila kitufe, moja moja: hii ni ya kucheza, hii ni ya sauti. Ikishaijua, bas."

"Na skrachi?" Hidayah anauliza. Maana bibi harusi anaitaka skrachi, amesema wimbo ukwaruzwe, urudishwe, ulie. Bila hiyo, kasema, afadhali redio.

Nzanzu akaonyesha kwa mkono hewani. Ukishika sahani pembeni, unasukuma wimbo kidogo tu. Ukiweka vidole juu, kwenye uso wake, inasikia vidole, na wimbo unasimama chini ya mkono wako. Hapo unaukwaruza utakavyo. Ile ya juu muifundishe vizuri, Mukaka, ndiyo roho.

Ameniita Mukaka, yaani bibi, kama wajukuu wa kwetu. Nimempa embe. Sikuwa na kingine.

Jumatano, 9 Julai

Leo nimekuwa mwalimu! Mimi!

Programu ya bure imeshuka kwa simu, bando limekwisha lote, na jirani Hanifah ametuazima la kwake. Kisha tukakaa. Hidayah kwenye kompyuta, mimi kwenye mashine. Kompyuta inauliza, yeye ananisomea: "Jaja, inataka kujua kitufe cha kuanza." Nabonyeza. "Imejua! Sasa sauti ya kushoto." Nasukuma. "Imejua!" Mwanafunzi mzuri, anashika mara moja. Nilikuwa nazo mkononi kazi zote za jikoni, nikaziacha. Mchele umeungua na tumeula hivyo hivyo.

Alasiri wimbo umetoka! Kutoka sahani ya kushoto kwenda ya kulia, ukapokewa na mwingine, laini. Hanifah alikuja na kijiko cha ugali mkononi akacheza uani.

Tukabakiza ile ya juu, ile roho. "Jaja, weka vidole juu ya sahani." Nikaweka. Kompyuta haikusikia. Weka tena. Haikusikia. Akaja mwenyewe akaweka vyake, akabonyeza kompyuta kwa mkono mwingine. Hapana. Sahani ya pili, hapana.

Trela inavutwa, breki haifungi.

Alhamisi, 10 Julai

Hapana.

Amejaribu tangu asubuhi. Amempigia Shafic, Shafic anasema mashine ya zamani, labda hisi yake imekufa. Amempigia Nzanzu, Nzanzu anaapa ilikuwa inasikia hata unyoya wa kuku. Yeye atakuja kuona, lakini leo malori yamejaa, hawezi kutoka.

Swaib amepiga simu. Sikupokea.

Nimemwambia Hidayah, utapiga hivyo hivyo bila skrachi. Akasema ndiyo Jaja. Ile ndiyo yake siipendi.

Ijumaa, 11 Julai

Astaghfirullah. Nicheke au nilie? Nimefanya vyote.

Ijumaa huwa nafua vitu vya nyumba. Vitambaa vya viti, pazia, na nailoni zote — ya meza, ya remote. Nikaona ya mashine imeshika mafuta ya vidole vyetu, nikasema hii haiendi harusini hivi. Nikabandua selotepu, nikavua zote mbili. Hidayah alikuwa ameiacha imewashwa na kompyuta yake, amekwenda kuchota maji. Nikapitisha kiganja juu ya sahani kupangusa vumbi.

Taa ndogo pembeni ya sahani ikawaka. Nyekundu. Haijawahi kuwaka ile!

Nikaondoa mkono, ikazima. Nikaweka, ikawaka. Nikaweka nailoni juu, nikagusa — kimya. Nikatoa — ikawaka.

Nailoni yangu! Mimi ndiye niliyeziba masikio ya mashine ya watu! Jana nilipouliza kama tuivue, Hidayah mwenyewe alisema tuiache, Jaja, simu yako si inasikia juu ya nailoni? Ndiyo, lakini ya simu ni nyembamba, ya kufungia mkate. Hii ni ya meza! Hii inazuia mchuzi wa moto!

Nikapiga kelele. Hidayah akaangusha ndoo. Akakimbia, akaona, akaniangalia, akaangalia nailoni mkononi mwangu. Nikangoja anitukane. Akakaa chini sakafuni, akacheka mpaka akashika tumbo. Nami nikakaa. Kuinuka ikawa kazi ya watu wawili.

Tukaifundisha ile ya juu. "Weka vidole, Jaja." Nikaweka. "Imejua!" Ya pili. "Imejua!"

Kisha akakwaruza. Sijui nielezeje. Wimbo anaushika shingoni, anaurudisha, anauachia, unalia kama mlango wa mbinguni haujapakwa mafuta. Mtoto wa Nasifah! Mabega yake yote yalikuwa yanaongea.

Nilipogeuka, Swaib yuko mlangoni. Alikuja kwa hasira ya simu yangu. Viatu hajavua, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema tu, "Mama, maspika yatolewe saa ngapi?"

Nikamwambia soma mwenyewe, nimeandika.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika hapa hapa harusini, nyuma ya pazia, kwenye kreti ya soda, kwa sababu nisipoandika nitakwenda kuwasumbua.

Uzio wa mabati na mapazia, wanawake tu ndani. Simu zote ziko kwenye beseni mlangoni, zinalindwa na shangazi mmoja mkali kuliko askari. Mitandio imevuliwa, wamependeza! Swaib amebeba maspika mpaka kwenye pazia, na Nzanzu amekuja kumsaidia — wamesimama nje na wanaume wengine, wanajifanya wanaongea habari za barabara. Nimechungulia. Hawaongei. Wanasikiliza.

Hina imezunguka. Wamenipaka mkono wa kushoto. Wa kulia nimeukatalia. Hajati Mariat akasema wewe bibi wa bibi harusi leo, wote wawili! Nikasema hapana.

Hidayah ameanza vizuri. Laini, wazee kwanza, nyimbo zetu. Kisha akapandisha. Munirah akainuka kwenye kiti chake, akanyoosha kidole: sasa, nikwaruzie! Hidayah akaweka vidole juu. Wimbo ukalia. Nimesikia vigelegele vya maisha yangu mengi, vile sijasikia. Hajati Mariat alirusha viatu! Mke wa mfanyabiashara mmoja wa Kinyamaseke tayari ameniuliza, huyu mtoto mwezi ujao ana nafasi?

Na jenereta ikakohoa. Ikazima.

Kompyuta ile haikuzimwa tangu jana, lakini betri yake imechoka, ilitosha njia ya kuja hapa tu, ikazima nayo. Sasa jenereta imerudi. Naona kutoka hapa: kompyuta imewaka, mashine imewaka, Hidayah ameinama. Amekuja mbio kuninong'oneza — vitufe vyote viko, Jumatano alivihifadhi. Lakini somo la jana, la juu ya sahani, furaha ilitupitia, hakulihifadhi. Kompyuta imelisahau.

Kule nje Nzanzu anaita juu ya mabati, "Mukaka! Muifundishe tena! Haraka!" Shangazi wa mlangoni anamfokea, we mwanaume, sauti yako! Kisha sauti ya Swaib, na haina pilipili hata kidogo: "Mama? Inaongea?"

Hanifah ameanza kupiga makofi ili ukimya usionekane. Wengine wamepokea. Wanaimba bila mashine, wanatuvutia muda. Munirah bado amesimama, kidole bado juu. Haketi.

Hidayah ameketi kwenye kompyuta. Ananitazama juu ya vichwa vyote.

"Jaja! Vidole!"

Hajati Mariat amegeuka ananiona naangalia mkono wangu wa kulia, mweupe bila hina. Anauliza, kumbe ulikuwa unauwekea nini?

Mkono wa mashine hauvai kitu, Hajati. Nipishe —