Injini ya Hamna Shida

Jumanne, 4 Novemba

Naandika nyuma ya daftari la safari za lori, maana safari zenyewe hakuna. Injini imekufa. Si ya kufufua. Mdogo wangu, ndiye dereva wetu, kaendesha rejeta haina hata tone la maji mpaka injini ikakaba katikati ya mlima. Eti geji ya joto haikuonyesha. Geji haijaonyesha tangu tulinunue hilo lori! Na anajua!

Msimamizi wa ile shule inayojengwa katupa mpaka Jumatatu. Lori likiwepo, kokoto zote tunabeba sisi. Lisipokuwepo, anampa mwingine. Akiba yetu inatosha injini moja ya mtumba. Moja tu, hakuna nafasi ya kukosea.

Baba yao, mume wangu, kasikia kuna moja kwenye yadi ya vyuma chakavu, kwa jamaa wanayemwita Hamna Shida, maana ukimwuliza lolote ndilo jibu lake. Nimemwambia kesho naenda naye. Kasema sawa, ila usiongee sana. Mimi!

Jumatano, 5 Novemba

Tumefika yadini. Injini bado imo kwenye lori lake, lililogongwa nyuma, kwa hiyo wanaiwasha hapo hapo. Imeng'aa! Wameipaka rangi ya fedha mpaka boliti. Nani anapaka boliti rangi kama hana cha kuficha?

Hamna Shida kapiga stata, ikawaka palepale. Tamu. Lakini nilikuwa nimeshaigusa kabla — ya moto. Nikamwuliza, mbona ya moto na ndiyo kwanza tunafika? Eti nilisogeza lori kidogo asubuhi, shemeji. Shemeji! Tumejuana lini? Na lori lenyewe halina magurudumu ya nyuma.

Baba yao ndiye aliyenifundisha, miaka ile namshikia tochi na kumpa spana: injini ya kununua isikilize ikiwa baridi. Ikishapata moto, chuma kinatanuka, pistoni iliyolegea inajibana, inakuimbia vizuri mpaka uondoke na pesa zako umeacha. Maneno yake mwenyewe hayo.  Kafungua kifuniko cha oili, kanusa, kasugua oili kwa vidole. Kasema tutarudi kesho.

Alhamisi, 6 Novemba

Saa mbili asubuhi, yadini. Ya moto! Eti alikuwa anachaji betri.

Nimerudi na hasira zangu nyumbani nikakuta za huko zinanisubiri. Nimemwita baba yao kula mara tatu, kimya. Amekaa na redio yake, kaipandisha mpaka jirani kagonga ukuta. Nikaenda kusimama mbele yake ndipo akashtuka, eti kwa nini hukuniita? Miezi sasa ndiyo mchezo wetu huu. Mtu akizeeka anakuwa na kiburi hivi? Nimemwekea chakula sikusema naye tena. Hakuona tofauti.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo tumemkomesha. Saa kumi na mbili tulikuwa getini, mimi, baba yao na mdogo wangu. Mlinzi katufungulia. Nimeweka shavu kwenye injini: baridi! Hamna Shida kafika mbio, vifungo vya shati vimepishana, anasema ngojeni niipashe kidogo. Nikamwambia usiipashe, iwashe.

Ikakohoa weee. Moshi wa bluu, yadi nzima. Halafu ikashika, na ndani yake nikasikia: ko, ko, ko. Si ile kelele ya dizeli ikiwa baridi, hiyo naijua. Huu mlio ulikuwa wa chini, mzito, kama mtu anabisha hodi kwa ngumi. Nikamtazama mdogo wangu. Kasikia. Mlinzi pia kasikia, maana aliacha kufagia.

Sasa baba yao. Mafundi wote wanamwita Daktari kwa sababu ya ile bisibisi yake ndefu: ncha kwenye injini, mpini sikioni, anafumba macho, anakwambia ugonjwa. Watu wanaleta magari kutoka mbali aje asikilize tu. Basi kaweka bisibisi. Kafumba macho. Tumesubiri sote.

"Safi," akasema.

Safi! Hamna Shida kapiga makofi. Nikasema, baba yao, inagonga. Kanipa mgongo. Nikarudia kwa sauti, niko nyuma yake hapo hapo, hata kugeuka hakugeuka. Mpaka nimalize kurudia mara ya tatu imeshapata moto na ule mlio umepotea. Hamna Shida akataka tumalizane. Nikamwambia pesa ninazo mimi na leo sitoi.

Njia nzima baba yao kavimba. Eti nimemwaibisha mbele za watu. Mimi ndiye niliyemwaibisha!

Jumamosi, 8 Novemba

Sijalala vizuri. Mtu yule anajua injini kuliko anavyowajua wanawe. Asingeweza kusema safi. Hata kwa kunikomoa asingesema.

Asubuhi kakaa uani anasafisha spana zake, kanipa kisogo. Nikachukua sufuria na mwiko. Nikagonga mara moja. Nikagonga mara tano, kwa nguvu, kuku wakakimbia. Hakugeuka.

Nimekaa kwenye ngazi. Redio. Chakula. Mgongo alionipa jana. Mtu hanisikii, na mimi miezi yote namtukana moyoni!

Nikaenda mbele yake nikamwambia usoni: "Ile injini huisikii. Na mimi hunisikii."

Alinifokea. Miaka ishirini na sita anasikiliza injini, mimi nani wa kumwambia. Katupa spana. Kaokota spana. Halafu akaniuliza, "Ilikuwa inagonga?"

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Chini. Katikati, kuelekea upande wa feni."

Akashika kichwa. Pistoni, akasema. Ingetufia kabla ya mwezi. Kisha kaniomba nisimwambie mtu, hata mdogo wangu. Tuseme tu pesa haikutosha. Daktari asiyesikia nani atamletea gari? Nikamkubalia. Ningefanyaje? Kokoto ndiyo basi tena, na hasira zangu sijui nizipeleke wapi, maana yule niliyekuwa namkasirikia hakuwa na kosa.

Jumapili, 9 Novemba

Nipo yadini. Naandika nimekaa juu ya matairi.

Asubuhi mdogo wangu kaja na pikipiki, anahema. Hamna Shida kapata mteja, mama mmoja anayeuza maji kwa lori. Na unajua anamwambiaje? Daktari mwenyewe kaikagua juzi, kasema safi. Yule mama kasema kama Daktari kasema, yeye hana haja ya fundi mwingine.

Nilimwambia baba yao nikiwa mbele yake, polepole.  Kanawa mikono kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Kachukua bisibisi. "Twende."

Tumefika injini inaunguruma, ya moto, tamu kama kawaida yake. Mama wa maji keshafungua mkoba. Hamna Shida akamkumbatia baba yao begani: huyu hapa mwenyewe, mwulizeni! Nikataka kusogea, baba yao kaniinulia mkono, nibaki. Nikabaki. 

Siku hizi hajui anavyopaza sauti. Mimi niko huku kwenye matairi na nimesikia kila neno, na mlinzi getini kasikia, na wale vijana wanaokata vyuma wameacha kukata.

"Mama, juzi nilisema safi. Sikusikia kitu. Masikio yangu yamekwisha."

Hamna Shida akacheka, eti Daktari anatania, mnamjua huyu. Hakuna mwingine aliyecheka. Mama wa maji akafunga mkoba, lakini hakuondoka. Kasema yeye haelewi sasa, injini hii nzima au mbovu? Leo nani amwambie?

Baba yao akageuka, akanitafuta kwa macho. Kaja mpaka hapa mbele ya wote, kaninyooshea bisibisi, mpini kwangu. Akasema izimwe, ipoe kabisa, "halafu atasikiliza mke wangu."

Hamna Shida kapandisha hasira! Eti injini yake haiwezi kupimwa na mwanamke wa kushika tochi. Yadi inafungwa saa nane. Betri itachoka. Mama wa maji kachomoa ufunguo yeye mwenyewe, kautia kwenye mkoba, kakaa juu yake.

Basi tunasubiri. Tangu saa nne asubuhi. Nikigusa bado ya uvuguvugu. Mimi sijawahi kuishika hii bisibisi ila kumpa. Nikikosea je? Kama ule mlio niliuota tu kwa hasira zangu? Mdogo wangu anasema dada, ulisikia, nilisikia. Angekuwa na masikio hayo siku rejeta inachemka!

Baba yao ameweka kiganja juu ya injini na hakitoi. Nimemfuata, nikasimama anione, nikamwuliza: nikishasikia nikwambieje, na hawa wote wanatazama? Kasema nisimwambie kitu. Ikiwaka nimgeukie tu, ataona usoni kwangu.

Saa saba na nusu. Kaondoa kiganja. Mama wa maji anatoa ufunguo.