Mtindi wa Yusta

Jumatatu, 2 Juni

Nimesuka maziwa kabla ya kwenda mashineni. Baridi. Juni ya Sumbawanga haina adabu, inakufuata mpaka ndani ya blanketi. Siagi imechelewa kutoka, mkono umechoka, nimetukana kidogo. Halafu sauti ya kibuyu ikabadilika. Maji mepesi yakigonga kitu kizito. Nikajua tayari. Siagi nimeitoa, mtindi umebaki, nimekunywa kikombe na kiporo cha ugali wa ulezi. Nikishakunywa hivyo sisikii njaa mpaka saa nane, hata nikisaga magunia kumi.

Chini nimeacha kikombe kimoja kiwe mbegu. Juu yake maziwa mabichi ya jirani yangu Mwaisumo, gunzi la mahindi mdomoni, basi. Ndivyo alivyofanya Yusta miaka yote ya ndoa yetu. Kibuyu hiki hakijawahi kukauka. Mbegu ya leo imetoka kwenye mtindi wa juzi, wa juzi kwenye wa kabla yake, unarudi hivyo hivyo mpaka ule alioushika yeye. Mke wangu ana miezi minane kaburini na bado ananigandishia maziwa. Sijamwambia mtu. Wataniita kichaa, na kwa sifa za mji wetu wataongeza na mchawi.

Jumatano, 4 Juni

Maziwa yamegoma kuganda. Baridi tu. Jana nilikivika kibuyu sweta la kijani la Yusta nikakilaza kitandani, upande wake. Kama kuna wa kucheka na acheke.

Alfajiri nimeamka shati limelowa jasho, na nje kuna umande wa barafu. Mgongo unauma. Nikamsikia tena Yusta. Pumzi fupi, ya mtu aliyetaka kusema neno akaghairi. Najua mtindi ukiumuka unasukuma gunzi. Si mjinga. Lakini niliitika, "Naam."

Asubuhi ulikuwa umeganda vizuri sana.

Alhamisi, 5 Juni

Skola amefika na basi la Mbeya. Binti yetu wa pekee. Mimba ya miezi sita, miguu imevimba, uso wa mama yake mtupu. Kwa desturi angekuja kujifungulia kwa mama. Mama hayupo, kaja hivyo hivyo. Mumewe kabaki kazini.

Hii ni mimba ya pili. Ya kwanza ilitoka mwaka juzi, wiki chache baada ya kula Pasaka hapa kwetu. Hatuizungumzii.

Hajavua hata viatu akaulizia kibuyu. Vikombe viwili, bila kupumua. Kisha akaanza kulia. "Baba, ni wa mama kabisa!" Nikamwambia ndiyo, ni wake. Sijafurahi hivi tangu mazishi.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa tumepika. Skola ndiye mpishi, mimi mkosoaji. Jogoo wangu mgumu kama kiatu cha askari alilala kwenye mtindi tangu jana jioni, leo nyama inaachia mfupa yenyewe. Chapati pia kaukanda unga wake kwa mtindi. Laini mpaka leo jioni. Maharage kayamiminia kidogo mwishoni, sufuria ikiwa imeshaepuliwa, maana ukitia kwenye moto mkali unakatika.

Kliniki wamemwambia apate maziwa kwa ajili ya mifupa ya mtoto. Maziwa matamu yanamjaza gesi. Mtindi haumsumbui, na kwa kuwa siagi imeshatoka haumpi kiungulia. Mama yake alikuwa akisema mtindi unajenga mfupa na nyama, ila damu kaitafute kwenye majani na maharage. Skola kalisema hilo kabla sijalisema mimi. Tumecheka.

Mwaisumo alipita, akala chapati tatu. Nikamuuliza kwao Mbeya hawapiki? Akajibu kwao wana ndizi, wanamhurumia Mfipa kama mimi na ulezi wake.

Jioni homa tena. Nimelala mapema. Huzuni inachosha mwili, mtu asikudanganye. Alfajiri Yusta atakuja, na ukweli ni kwamba namngoja.

Jumanne, 10 Juni

Ng'ombe wa Mwaisumo katupa ndama. Miezi ilikuwa bado. Mwaisumo alikuja kuniita, rangi imemtoka. Ndama amelala kwenye majani, hana manyoya vizuri. Sikuweza kuangalia mara ya pili.

Bwana mifugo alikuja na glavu ndefu. Anadhani ni ugonjwa wa kutupa mimba. Kachukua damu ya ng'ombe akapime. Ndama afukiwe na chokaa. Maziwa yasinywewe bila kuchemshwa, na mjamzito asiyaguse kabisa, maana ugonjwa huu unavuka kwa binadamu. Humpa homa za kuja na kuondoka. Wajawazito wengine mimba hutoka.

Nikamwambia sisi hatunywi mabichi, tunakunywa mtindi.

Akasema, "Mzee wangu, kuganda siyo kuchemka."

Nilitamani kumpiga. Kijana mwenyewe ana heshima, alinipa shikamoo kwanza. Nilitamani kumpiga kwa sababu Skola alikuwa ameshakunywa kikombe cha asubuhi.

Sikumwambia Skola. Nimekaa naye mezani mpaka tukaenda kulala, sikumwambia.

Jumatano, 11 Juni

Nimenunua maziwa kwa mtu mwingine. Nimeyachemsha mpaka yakafoka, nikayapoza, nikamimina kibuyuni. Nikaenda mashineni kifua mbele.

Katikati ya debe la mahindi la mama mmoja, ikaniingia akilini. Mbegu. Chini ya kibuyu kuna kikombe cha mbegu ya maziwa yale yale. Nimemwaga maziwa safi juu ya ugonjwa. Nikazima mashine. Mama wa watu akalalamika unga wake haujaisha. Alikuwa na haki.

Nyumbani nimechemsha birika la maji. Kazi ni ndogo. Kumwaga, kuunguza kibuyu, kuanza upya na mbegu ya dukani. Nimekaa kwenye kigoda, kibuyu mbele yangu, birika mkononi. Nikifanya hivi hakuna tena kitu chochote duniani alichokianza Yusta ambacho bado kinaendelea. Nguo zake ni nguo tu. Picha ni karatasi. Huu ulikuwa hai.

Maji yalipoa.

Nimemwambia Skola mtindi umeharibika. Kibuyu nimekirudisha kitandani na sweta lake. Mimi ni mwoga, tena mwoga mzee, ambaye ndiye mbaya zaidi.

Alhamisi, 12 Juni

Amesema. Miezi yote hii ni pumzi tu, leo alfajiri amesema neno. "Mpe."

Jasho mpaka kwenye mto. Meno yanagongana. Nikauliza, nimpe nani? Gunzi likasogea kidogo.

Yusta hakumnyima mtu chakula maisha yake yote. Mgeni akipita mlangoni anaitwa. Angemwita mwanawe ampe, tena kikombe kile kikubwa. Angempa kwa upendo. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba sauti ni yake kweli.

Nimeshika rozari mpaka kumepambazuka. Sikwenda mashineni.

Ijumaa, 13 Juni

Niandike haraka.

Nilitoka kununua mkaa. Niliporudi Skola alikuwa amekaa kwenye kitanda changu, sweta la mama yake magotini, kibuyu kimefunguliwa, kikombe kinaelekea mdomoni. Anatabasamu kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Nilikipiga kikombe kwa kofi. Kikaruka ukutani. Mtindi ukamrukia usoni.

Sijawahi kumpiga mwanangu. Leo hakuona kikombe kilichopigwa, aliona mkono wa baba.

Nikamwambia yote. Ng'ombe, ndama, bwana mifugo, mbegu. Hakupiga kelele. Alijifuta uso taratibu, akanawa, akanawa tena. Kisha akauliza nilianza kujua lini. Nikasema Jumanne. Akahesabu kwa vidole. Akauliza, "Na ule wa Pasaka?" Hakuna mwenye jibu la hilo.

Baadaye, akiwa jikoni, amenipa mgongo: "Mama alikuwa anatoka jasho alfajiri. Alisema ni utu uzima."

Nimesikia, nikatoka nje. Nilisimama karibu na choo kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Jumamosi, 14 Juni

Hospitali. Skola kachukuliwa damu. Mkunga kasikiliza mtoto, moyo unapiga. Daktari alikuwa anaandika, akanitazama mimi, akaacha kuandika. Akauliza homa zangu zina muda gani. Nikasema mimi ni mfiwa. Akauliza mgongo? Viungo? Jasho? Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeungama. Akasema na mimi nipimwe.

Kurudi Skola alitembea mbele yangu. Lakini alinishika mkono wakati wa kuvuka barabara.

Jumatatu, 16 Juni

Skola hana. Daktari amesema mara moja haitoshi, arudi apimwe tena baada ya wiki kadhaa.

Mimi ninao. Ule ule wa ng'ombe.

Nimepewa dawa za aina mbili, za wiki nyingi, nisiruke hata siku. Daktari kaeleza vizuri, kwa upole. Homa hupandisha jasho, mtu husikia vitu, huota macho wazi. Nikawa naitikia kwa kichwa tu. Kwa hiyo yule aliyekuwa anakuja alfajiri ni homa. Au alikuja kwa mlango wa homa. Sikumuuliza daktari, si kazi yake.

Yusta alikufa na homa ambazo hatukuzipa jina. Tulisema malaria, tukasema umri, tukasema mapenzi ya Mungu. Kila jioni nilimpelekea kikombe cha mtindi kitandani apate nguvu. Alishukuru. Nimeandika hapa nisije nikajidanganya kesho.

Jumanne, 17 Juni

Kazi ile tumeifanya asubuhi, jua likiwa limetoka. Mwaisumo kachimba shimo nyuma ya jiko, refu kuliko lililohitajika. Mtu wa watu anajilaumu kuliko mimi, ng'ombe ni wake. Nimemwambia sote tumekunywa, aende naye akapimwe. Kasema kesho.

Nilimwaga mwenyewe. Ulitoka mweupe, mzito, wenye harufu ya nyumba yangu. Nilitaka kuuonja mara ya mwisho, na nina hakika Skola alijua, maana alisogea akasimama karibu kabisa na kiwiko changu. Nikamaliza kumwaga. Kibuyu nacho kikaenda, na gunzi lake. Chokaa juu, udongo juu. Sweta Skola kaliloweka kwenye maji ya moto, siku nzima.

Mwaisumo alivua kofia. Hakuna aliyecheka. Nililia mbele yao wote wawili. Kwenye mazishi yenyewe sikulia hivi, nilikuwa nahesabu viti vya wageni.

Jumatano, 25 Juni

Dawa zinachafua tumbo. Nimekula uji mtupu. Alfajiri nililowa kidogo tu. Nilikaa nikisikiliza. Alikuwa mbali sana, kama mtu anayeongea kwa majirani.

Leo usiku nimeshika kidonge kiganjani muda mrefu. Nikikiacha, atarudi. Nalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Skola akabisha hodi akauliza nimeshameza? Nikameza.

Jumapili, 3 Agosti

Skola kapimwa mara ya pili. Hana. Mtoto kashuka, anageuka geuka, mkunga anasema ni wiki chache tu zimebaki.

Dawa zangu zimekwisha. Mgongo umeniachia. Leo nimelala mpaka jua likaingia chumbani, shati kavu. Yusta hakuja. Nimeukalia kidogo ule upande mwingine wa kitanda, halafu nikatandika.

Skola katengeneza mtindi kwenye ndoo. Maziwa kayachemsha mwenyewe, hakuniamini, kasimama nayo mpaka yakafoka mara mbili. Mbegu ni ya pakiti, ya dukani. Mchana kaniwekea bakuli na ugali wa ulezi. Ni mchachu, ni mwepesi, ni mtindi. Hauna mtu ndani yake.

Akauliza kama unafanana na wa mama.

Nikasema haufanani hata kidogo.

"Afadhali," akasema. Akajimiminia kikombe, akanywa amefumba macho mpaka kikaisha. Mimi pia nimemaliza bakuli langu.