Beseni Langu na Panga la Tabaini

Wangila, usicheke. Nimetoka mkutano wa wazazi chuoni Kitale sasa hivi na uso sijui nitauweka wapi.

Si unakumbuka Madam Jepchumba, yule mwalimu tuliyemshtaki kwa bodi ya chuo kwa barua, afutwe kazi kwa kununulia chuo panga la tabaini ya gesi, lile la kuzunguka ndani ya injini kama ya ndege, limejaa matundu? Nikabeba beseni langu la kutafutia pancha za baiskeli nimwaibishe. Nikaunganisha pampu ya baiskeli kwenye lile panga, nikalizamisha majini mbele ya wazazi wote. Mapovu kila tundu! Nikapaza sauti, "Mnaona? Limetoboka! Hata 2009 ninyi wa chuo mlituletea mabomba ya maji yaliyotoboka hivi hivi!"

Madam akasema polepole, "Asante mzee, hicho ndicho nilitaka waone. Ndani ya injini kuna moto wa kuyeyusha chuma. Hewa ya kulipoza hupita ndani ya panga, inatoka kwa matundu na kulifunika, lisiyeyuke."

Ati asante. Wangila, aliniambia asante! Ukumbi ukacheka, hata pasta.

Nikatoroka. Beseni likabaki.

Sasa ameniandikia: nilifuate Jumatatu, niwaonyeshe wanafunzi wake vile nilifanya.

Bana, Jumatatu atakuwa na kazi kweli? Bodi inasoma barua yetu kesho. Jina la kwanza ni langu, la pili lako. Toka Bungoma alfajiri, twende tuiondoe hiyo barua.